Sosholojia Ilivyowahamisha Wanawake Wake wa Mwanzo

Mwaka 1895 kampuni ya uchapishaji ya Thomas Y. Crowell, New York, ilitoa kitabu chenye ramani mbili za rangi. Zilikuwa ramani za kipande kimoja cha jiji la Chicago, eneo la kama theluthi moja ya maili ya mraba mashariki ya barabara ya Halsted. Ya kwanza ilionyesha wakazi wa kila kiwanja wametoka taifa gani, na katika eneo hilo dogo walikutwa watu wa mataifa 18. Ya pili ilionyesha kipato cha familia kwa wiki: dola 5 au chini ya hapo, 5 hadi 10, 10 hadi 15, 15 hadi 20, na zaidi ya 20. Fungu la chini kabisa lilipakwa rangi nyeusi, kwa hiyo msomaji hakuhitaji jedwali ili ajue umaskini umelala nyumba ipi. Jalada halikuwa na jina la mtu. Liliandikwa tu kwamba ni kazi ya wakazi wa Hull-House, nyumba ya wasomi waliohamia kuishi katika mtaa huo wa maskini.

Miaka 30 baadaye, mwaka 1925, Ernest Burgess wa Chuo Kikuu cha Chicago alichapisha mchoro wa jiji kama mizunguko mitano, mmoja ndani ya mwingine. Mchoro huo ndio mwanafunzi wa sosholojia anaoonyeshwa anapoanza somo la miji, na anaambiwa kwamba utafiti wa miji ulizaliwa na wanaume wa Chicago wa miaka ya 1920. Mwaka 1964, miaka miwili kabla ya kufariki, Burgess mwenyewe aliandika kwamba utafiti wa mpangilio wa jiji la Chicago ulianza na Hull-House. Alikuwa amechelewa. Vitabu vya kiada vilikuwa vimeshaandikwa, vimeshachapishwa upya mara nyingi, na vimeshavuka bahari.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba wanawake wa mwanzo walisahauliwa, au kwamba mila za wakati ule hazikuwapa nafasi. Maelezo hayo ni mepesi mno. Wanawake hawa walichapishwa, walisomwa, na walijadiliwa na walewale walioitwa waasisi baadaye. Waliondolewa hatua kwa hatua: jina halikuwekwa kwenye jalada, kozi ikahamishiwa idara nyingine, kitabu cha kiada kikachora mpaka mpya, orodha ya waasisi ikafupishwa. Hatua nyingi kati ya hizo zina tarehe, na njia za utafiti walizozibuni wanawake hao zilibaki ndani ya taaluma wakati wao wanatolewa nje.

Jinsi ramani zilivyotengenezwa

Hull-House ilifunguliwa Septemba 1889 na Jane Addams na Ellen Gates Starr. Ilikuwa nyumba ya makazi katikati ya mtaa wa wahamiaji maskini, ambamo wasomi, wengi wao wanawake, waliishi na kufanya kazi. Mwaka 1893 serikali ya Marekani, kupitia Idara ya Kazi, iliagiza uchunguzi wa mitaa duni ya majiji manne: Baltimore, Chicago, New York na Philadelphia. Upande wa Chicago alikabidhiwa Florence Kelley, mkazi wa Hull-House aliyesoma Cornell na Zürich, na ambaye tayari alikuwa ametafsiri kwa Kiingereza kitabu cha Engels kuhusu hali ya wafanyakazi wa Uingereza.

Wadadisi wanne waliolipwa na serikali walizunguka nyumba kwa nyumba wakijaza madodoso. Kabla madodoso hayajapelekwa Washington, takwimu zilinakiliwa, na wakazi wa Hull-House wakazihamishia kwenye ramani kiwanja kwa kiwanja. Kiwanja chenye wapangaji wa mataifa matatu kiligawanywa rangi kwa uwiano wa watu wake. Mfano waliouiga ulikuwa ramani za umaskini za London za Charles Booth, lakini Booth alitumia zaidi taarifa za watu waliozijua kaya hizo, na alipaka rangi mtaa kwa mtaa. Chicago walishuka hadi kwenye kiwanja.

Agnes Sinclair Holbrook aliandika maelezo ya ramani, na humo mna hoja ambayo watafiti wa uchumi wa kaya walikuja kuihangaikia kwa miongo mingi. Katika mtaa ule, aliandika, mshahara wa mume peke yake hauendeshi nyumba. Mke anafua nguo za watu, au anamalizia nyumbani kushona nguo zilizokatwa kiwandani, au anaokota matambara na kuyauza. Wavulana wanang'arisha viatu na kutumwa huku na huko, wasichana wako kiwandani. Dhana kwamba kila mwanamume anailisha familia yake haina ukweli pale, kama isivyo na ukweli ile kwamba kila anayetaka kazi ataipata. Hitimisho hilo lilitoka kwenye dodoso lililouliza kipato cha kila mtu wa kaya. Dodoso lililoishia kwa baba lisingeweza kulitoa.

Kazi hii ina udhaifu wake na haifai kufichwa. Mwaka 1893 ulikuwa wa mdororo mkali wa uchumi, kwa hiyo vipato vilivyorekodiwa ni vya wakati mbaya. Wadadisi wanne katika mtaa wa lugha nyingi walilazimika kutegemea neno la mhojiwa na la mkalimani. Lakini udhaifu wa namna hiyo umo katika kila uchunguzi wa kaya uliofuata, na hakuna aliyeutumia kuwatoa wanaume kwenye taaluma.

Richard Ely, mchumi aliyehariri mfululizo ambamo kitabu kilitoka, alipopendekeza ramani zipunguzwe, Kelley alimwandikia kukataa. Alijua kwamba bila ramani kitabu kingekuwa mkusanyiko wa insha za watu wema. Na mmoja wa waandishi wa kitabu hicho, Isabel Eaton, alikwenda baadaye kufanya kazi na W. E. B. Du Bois, mwanasosholojia Mweusi wa Marekani, huko Philadelphia. Ripoti yake kuhusu watumishi wa nyumbani imo ndani ya The Philadelphia Negro ya 1899. Njia ya utafiti ilisafiri pamoja na mtu. Du Bois naye, kwa sababu ya rangi yake, aliachwa nje ya orodha ya waasisi kwa muda mrefu.

Mlango wa pili

Idara ya sosholojia ya Chuo Kikuu cha Chicago ilianzishwa mwaka 1892 chini ya Albion Small, na mwaka 1895 likaanza jarida lake, American Journal of Sociology. Addams aliandika katika juzuu la kwanza kabisa la jarida hilo, makala kuhusu kazi za ndani iliyotoka 1896. Wakati huo mpaka kati ya nyumba ya barabara ya Halsted na idara ya chuo ulikuwa mwembamba sana. Walimu wa chuo walikwenda kuhutubia Hull-House, na watafiti wa Hull-House walisomwa chuoni.

Mpaka ulijengwa kupitia ajira. Marion Talbot aliajiriwa 1892 ndani ya idara hiyo kufundisha usafi wa mazingira na afya ya makazi. Mwaka 1904 masomo yake yalitengewa idara mpya ya uendeshaji wa nyumba. Sophonisba Breckinridge, mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uzamivu ya sayansi ya siasa chuoni hapo mwaka 1901 na wa kwanza kuhitimu shule yake ya sheria mwaka 1904, hakuajiriwa katika sayansi ya siasa wala sheria. Alipewa nafasi katika idara ya Talbot. Humo ndimo alimofundisha kozi kuhusu hali ya kisheria na kiuchumi ya wanawake: kozi ya sosholojia kwa kila kipimo, ila ilikaa chini ya kibao cha uendeshaji wa nyumba.

Annie Marion MacLean alipata shahada yake ya uzamivu ya sosholojia Chicago mwaka 1900. Mwaka mmoja kabla, jarida la idara lilikuwa limechapisha makala yake iliyotokana na wiki mbili za kufanya kazi kama muuzaji katika maduka makubwa ya jiji, bila waajiri kujua kwamba ni mtafiti. Aliandika saa za kusimama, faini, kamisheni, na hesabu ya mshahara usiotosha chakula na pango. Uchunguzi shirikishi, ambao wanafunzi huambiwa uliletwa na Robert Park, mwenzake Burgess chuoni hapo, na wanafunzi wake, ulikuwa umeshachapishwa katika jarida la idara ileile miaka kama 14 kabla Park hajafika. MacLean alikuja kuongoza utafiti mkubwa kuhusu wanawake wanaoishi kwa mshahara, uliotoka kama kitabu mwaka 1910. Chuo kilimtumia kufundisha sosholojia kwa njia ya posta kwa takriban miaka 30. Nafasi ya kudumu katika idara iliyomtunuku shahada hakuwahi kuipata.

Hatua iliyofunga mlango ilikuja 1920. Shule iliyoitwa Chicago School of Civics and Philanthropy, ambako Breckinridge na Edith Abbott waliongoza utafiti wa makazi, wahamiaji na watoto, iliingizwa ndani ya Chuo Kikuu kama shule ya ustawi wa jamii. Wanawake hao wawili ndio waliousukuma muungano huo, na walikuwa na sababu nzuri: walipata bajeti, nafasi za ajira na wanafunzi wa uzamili ambao idara nyingine zisingewapa. Abbott akawa mkuu wa shule mwaka 1924, mwanamke wa kwanza nchini Marekani kuongoza shule ya uzamili ya chuo kikuu. Mwaka huohuo Talbot, Breckinridge na Abbott waliandikia uongozi wa chuo kulalamikia nafasi duni za wanawake katika ualimu.

Mwaka mmoja baada ya muungano, 1921, Park na Burgess walitoa kitabu chao cha kiada chenye kurasa zaidi ya 1,000, kilichofundisha kizazi kizima cha Wamarekani kwamba sosholojia ni sayansi na marekebisho ya jamii ni shughuli nyingine. Tangu hapo utafiti uleule, kwa dodoso lilelile na katika mtaa uleule, uliitwa sosholojia ukitoka jengo moja na ukaitwa ustawi wa jamii ukitoka jengo la jirani. Abbott aliendelea. Mwaka 1936 alitoa The Tenements of Chicago, kitabu cha uchunguzi wa makazi uliofanywa kati ya 1908 na 1935. Sijui utafiti wa sosholojia wa zama hizo uliofuatilia mitaa ya jiji moja kwa muda kama huo, na bado mwanafunzi wa somo la miji anaweza kuhitimu bila kulisikia jina lake.

Maktaba nazo ziliukaza mpaka. Katika mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba, sosholojia iko 301 na huduma za jamii ziko 361 na 362. Anayetafuta historia ya taaluma kwa kupita kwenye rafu ya 301 hatawakuta. Na anayetafuta kwenye katalogi kwa jina la Kelley anaweza asikione kitabu cha 1895, kwa kuwa mwandishi aliyesajiliwa ni wakazi wa Hull-House.

Addams mwenyewe aliumizwa na jambo jingine pia. Alipinga Marekani kuingia katika Vita Kuu ya Kwanza, na heshima yake kwa umma na kwa wasomi wengi ikaporomoka. Tuzo ya Nobel ya Amani aliyopewa 1931 ilimrudishia jina, lakini kama mpigania amani na mama wa ustawi wa jamii.

Martineau kabla ya profesa yeyote

Harriet Martineau wa Norwich, Uingereza (1802–1876), hakuwa na idara ya kufukuzwa kutoka kwayo. Mwaka 1834 alisafiri kwenda Marekani, akakaa huko miaka miwili, na safarini alianza kuandika mwongozo wa namna ya kuichunguza jamii. Ulitoka 1838 kwa jina la How to Observe Morals and Manners. Kitabu cha Émile Durkheim, Mfaransa anayehesabiwa miongoni mwa waasisi wa sosholojia, kuhusu kanuni za mbinu za kisosholojia kilitoka 1895, miaka 57 baadaye.

Kanuni yake kuu ni ya kazi kabisa: anza na vitu, kisha tumia maneno ya watu kama ufafanuzi wa vitu hivyo. Msafiri anayeuliza watu maadili yao atapewa sifa. Aende makaburini asome ni sifa zipi zinaandikwa juu ya marehemu. Aangalie madaftari ya vizazi, ndoa na vifo. Asikilize nyimbo zinazoimbwa na watu wa kawaida. Aone magereza na namna wafungwa wanavyotendewa. Baada ya hapo ndipo mazungumzo yana maana, kwa sababu yanaweza kupimwa. Alionya dhidi ya kulihukumu taifa kwa watu wachache waliokutana na msafiri hotelini, na mwishoni akaeleza vifaa: orodha ya maswali iliyoandaliwa mapema, shajara, na daftari la mambo ya papo hapo.

Mwaka 1837 alikuwa tayari ameonyesha matokeo katika Society in America. Badala ya kuwapima Wamarekani kwa vipimo vya Uingereza, aliwapima kwa Azimio lao la Uhuru, linalosema kwamba serikali hupata mamlaka kwa ridhaa ya wanaotawaliwa. Halafu akauliza ni lini watumwa na wanawake walitoa ridhaa hiyo. Kuipima jamii kwa kanuni inazojitangazia yenyewe ni mbinu inayofundishwa hadi leo, bila jina lake.

Jina lake lilibaki sehemu moja. Mwaka 1853 alitafsiri na kufupisha kazi ya Auguste Comte, kutoka majuzuu sita hadi mawili, kwa umahiri ulioifanya tafsiri yake ya Kiingereza irudishwe kwenye Kifaransa. Vitabu vya kiada vinavyomtaja vinamtaja kwa hilo, kama mtafsiri wa baba wa sosholojia. Aliandika mbinu kamili miaka 15 kabla ya tafsiri hiyo. Sababu ya kupotea kwake iko wazi: taaluma ilipoanza kujipanga, mwishoni mwa karne ya 19, ilijipanga kuzunguka maprofesa wenye viti, majarida na wanafunzi wa kubeba majina yao. Martineau hakuacha hata mwanafunzi mmoja wa uzamivu.

Takwimu za Ida B. Wells

Machi 1892, mjini Memphis, wanaume watatu Weusi waliokuwa na duka la vyakula waliuawa na umati wa Wazungu. Duka lao lilikuwa linashindana na la Mzungu jirani. Ida B. Wells, mhariri wa gazeti na rafiki yao, alianza kuchunguza mauaji ya namna hiyo moja baada ya jingine. Matokeo yalitoka katika Southern Horrors mwaka uleule, kisha A Red Record mwaka 1895.

Uamuzi wake wa kimbinu unastahili kufundishwa polepole. Alichukua takwimu zilizokusanywa na Chicago Tribune, gazeti la Wazungu, ili mtu asiweze kusema Weusi wamezitunga. Akazipanga kwa mwaka, kwa jimbo na kwa kosa lililodaiwa. Hoja iliyotawala wakati huo ilikuwa kwamba umati unaua ili kuwalinda wanawake wa Kizungu dhidi ya ubakaji. Hesabu ya Wells ilionyesha kwamba ubakaji ulidaiwa katika kiasi cha theluthi moja tu ya visa, na kudaiwa si kuthibitishwa. Visa vilivyosalia vilikuwa vya wizi, ugomvi, kujibu ufedhuli, au kutokuwa na kosa lolote. Kwa hiyo chanzo kilipaswa kutafutwa kwingine: katika ushindani wa kiuchumi na hofu ya Mweusi aliyejitegemea. Kitabu cha Durkheim kuhusu kujiua, kinachofundishwa kama mfano wa mwanzo wa kutumia takwimu rasmi kuvunja maelezo ya mazoea, kilitoka 1897.

Na hapa ndipo habari inapokuwa ngumu zaidi. Januari 1901 Jane Addams alichapisha makala ya kulaani mauaji ya umati, lakini ndani yake alikubali kwa ajili ya hoja kwamba waliouawa huenda walitenda makosa waliyoshtakiwa. Mei mwaka huo Wells alimjibu kwa heshima na kwa hesabu, akitumia tena takwimu za miaka iliyotangulia. Kosa la Addams lilikuwa la mtafiti kabla ya kuwa la kimaadili: alipokea shtaka kama data. Mwanamke aliyeongoza nyumba iliyochora ramani za kiwanja kwa kiwanja hakudai ushahidi wa kiwango hicho habari ilipohusu Weusi wa Kusini. Anayefundisha wanawake wa mwanzo kama kundi moja lenye sauti moja analificha jambo hili, na kumwondoa Wells mara ya pili.

Anna Julia Cooper aliachwa katika pengo hilohilo. Kitabu chake cha 1892, A Voice from the South, kinaeleza kwamba mwanamke Mweusi wa Marekani anakabiliwa na suala la wanawake na suala la rangi kwa pamoja, na katika yote mawili hahesabiwi. Hoja hiyo ilipata jina la kitaaluma, intersectionality, mwaka 1989. Cooper alipata shahada ya uzamivu Sorbonne, Paris, mwaka 1925, akiwa na miaka 66, kwa tasnifu kuhusu msimamo wa Ufaransa juu ya utumwa wakati wa Mapinduzi. Kazi iliyomlisha ilikuwa ualimu wa sekondari.

Majina kwenye jalada

Max Weber, mwanasosholojia Mjerumani anayehesabiwa miongoni mwa waasisi, alifariki Juni 1920 na kuacha miswada mingi. Aliyeipanga na kuitoa, pamoja na kitabu kikubwa cha uchumi na jamii, ni mjane wake, Marianne. Yeye mwenyewe alikuwa ametoa mwaka 1907 kitabu kizito kuhusu nafasi ya mke na mama katika historia ya sheria, ambacho Durkheim alikihakiki. Mtu aliyehakikiwa na Durkheim na kumhariri Weber anatajwa leo kama mke wa Weber.

Mfano wa pili unataka uangalifu. Kauli maarufu kwamba watu wakiiona hali kuwa ya kweli basi matokeo yake huwa ya kweli imo katika kitabu cha 1928 cha W. I. Thomas na Dorothy Swaine Thomas, lakini vitabu vya kiada huitaja kwa jina la mwanamume pekee. Kabla ya kusema ameibiwa, ijulikane kwamba Robert Merton, mwanasosholojia wa Marekani, alichapisha barua ambamo Dorothy mwenyewe anasema kauli ile ni ya mumewe. Linalobaki ni kanuni ya rejea: kitabu cha waandishi wawili hutajwa kwa wote wawili. Dorothy Swaine Thomas alikuja kuwa mwanamke wa kwanza kuwa rais wa chama cha wanasosholojia wa Marekani, mwaka 1952. Chama kilianzishwa 1905. Wa pili, Mirra Komarovsky, alifuata 1973.

Merton ana kisa chake pia. Mwaka 1968 alitoa makala kuhusu namna sifa za kisayansi zinavyowaendea wenye majina makubwa. Sehemu kubwa ya ushahidi wake ilitoka katika mahojiano ambayo Harriet Zuckerman aliwafanyia washindi wa Nobel. Jina kwenye makala ni la Merton peke yake. Mwaka 1973 aliongeza maelezo ya chini akikiri kwamba ilipaswa kutoka kwa majina ya wote wawili. Ungamo hilo ni la heshima, lakini rejea zinaendelea kuandikwa Merton 1968.

Orodha ya waasisi yenyewe ni changa kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1937 Talcott Parsons, mwanasosholojia wa Marekani, aliijenga nadharia yake juu ya Marshall, Pareto, Durkheim na Weber. Marx hakuwa miongoni mwa nguzo hizo. Utatu wa Marx, Durkheim na Weber ulikaa imara miaka ya 1960 na 1970. Orodha iliyobadilishwa kiasi hicho ndani ya miaka 40 inaweza kubadilishwa tena.

Kazi ya muhtasari wa kozi

Vyuo vya Afrika Mashariki viliupokea utatu huo pamoja na vitabu vya Kiingereza. Mhadhiri anayetaka kurekebisha hahitaji ruhusa ya kubadili mtaala mzima. Anahitaji kuupitia muhtasari wake wa wiki 14 au 15 na kuhesabu mambo mawili: ni kazi ngapi za wanawake zimo, na zimewekwa kama nadharia au kama mfano tu. Hesabu ya pili ndiyo inayoumbua.

Kosa la kawaida ni kuongeza wiki moja ya wanawake, mara nyingi ya 12 au 13. Migomo, sikukuu na majaribio hula wiki za mwisho kwanza. Kosa jingine ni kusimulia maisha badala ya hoja: wanafunzi wanatoka wakijua Martineau alikuwa kiziwi na hawajui kanuni yake ya vitu kabla ya maneno. La tatu ni kumpa cheo cha mama wa sosholojia, ambacho kinamzuia kukosolewa. Huyu ndiye aliyeandika mwaka 1855 kupinga sheria za kulinda wafanyakazi dhidi ya mashine za viwandani, na mwanafunzi anapaswa kulijua hilo.

Wawekwe mahali hoja zao zinapohusika. Wiki ya mbinu, sura za mwanzo za Martineau 1838 zisomwe sambamba na Durkheim 1895. Wiki ya takwimu rasmi, A Red Record pamoja na kitabu cha kujiua. Wiki ya miji, maelezo ya Holbrook kabla ya mizunguko ya Burgess, ramani zikiwa ukutani au kwenye skrini. Wiki ya mamlaka, insha ya Marianne Weber ya 1912 kuhusu mamlaka na uhuru katika ndoa, ambayo ina tafsiri ya Kiingereza. Vitabu vya Martineau, Hull-House, Wells na Cooper vimetoka kwenye hakimiliki na vinapatikana bure mtandaoni, kwa hiyo bajeti ya maktaba si kisingizio.

Kwetu kuna nyongeza ya lazima. Audrey Richards aliongoza taasisi ya utafiti wa jamii ya Makerere kuanzia 1950 hadi 1956 na kuhariri utafiti kuhusu wafanyakazi wahamiaji waliokwenda Buganda. Marja-Liisa Swantz, akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1970, alikuwa miongoni mwa waliounda utafiti shirikishi ambao mashirika mengi ya Tanzania yanautumia leo. Wote wawili walitoka Ulaya. Kazi ya mwanafunzi iwe kufungua ripoti za miaka ile, kusoma ukurasa wa shukrani, na kuorodhesha wasaidizi wa utafiti waliofanya mahojiano kwa lugha za wenyeji: nani ametajwa kwa jina kamili, nani kwa jina moja, nani kama karani tu.

Mwisho ni mtihani, kwa sababu mwanafunzi husoma kinachoulizwa. Swali la alama 25 linaweza kuwa hili: “Kwa kulinganisha makala ya Addams na jibu la Wells, yote ya 1901, eleza ni hatua ipi ya utafiti Addams aliiruka, na hitimisho lake lingebadilikaje kama angeifuata.” Alama 15 ziende kwenye hatua ya utafiti, 10 kwenye hitimisho, na wasifu wa wanawake hao wawili usipewe alama yoyote.